Mkono Anao, Wanamfundisha Mdomo: Faking It Ikitazamwa kutoka Dodoma

Vipindi vya uhalisia vilivyotengenezwa Uingereza na Marekani katika robo karne iliyopita ni vingi mno, na vingi kati yake vikishatazamwa mara moja havina tena cha kumpa mtazamaji. Faking It, kipindi kilichoanza kuonyeshwa na Channel 4 ya Uingereza mwaka 2000, ni miongoni mwa vichache vinavyostahili kurudiwa. Sehemu zake za zamani bado hupatikana kwenye intaneti kwa mwenye bando la kutosha na uvumilivu wa kutafuta. Nimezitazama nyingi kati ya hizo, baadhi nikiwa peke yangu na baadhi nikiwa na majirani zangu wa Chang'ombe ambao kila mmoja ana kazi yake ya mikono, na ninaamini kwamba mtu wa Dodoma anacho cha kusema juu ya kipindi hiki ambacho pengine mtazamaji wa London asingekiona.

Kanuni yake ni nyepesi kuieleza. Mtu mmoja huondolewa kwenye kazi anayoijua, hukabidhiwa kwa walimu wa kazi ambayo hajawahi kuigusa, huishi nao na kufundishwa nao kwa wiki nne, kisha huingizwa katika shindano au onyesho pamoja na wataalamu halisi wa kazi hiyo, mbele ya majaji watatu ambao mwishoni hutakiwa kumtaja yule wanayedhani kuwa si mwenzao. Majaji wakikosea, mwanafunzi ameshinda. Hakuna nyumba yenye kamera kila kona, hakuna kura za watazamaji, wala hakuna kitita cha fedha kinachosubiriwa mwishoni, na ukosefu wa mambo hayo matatu ndio uliokikinga kipindi hiki na fujo ambazo zimeviharibu vipindi vingi vya aina yake.

Aliyekibuni ni Stephen Lambert, akiwa katika kampuni ya RDF Media, na ni yeye huyo ambaye baadaye alihusika na Wife Swap na Undercover Boss. Undercover Boss ni kanuni ileile ikigeuzwa chini juu, kwa kuwa humo mkurugenzi hujifanya kibarua ndani ya kampuni yake mwenyewe. Wazo lenyewe, hata hivyo, ni la zamani. Katika tamthilia ya Pygmalion ya George Bernard Shaw, iliyoonyeshwa jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1913, profesa wa fonetiki anaahidi kumchukua msichana muuza maua na kumfanya aonekane mwanamke wa tabaka la juu katika muda wa miezi sita. Televisheni imeifupisha ile miezi sita kuwa wiki nne, imemwongezea profesa wasaidizi wawili watatu, na imeliacha swali kubwa la Shaw likining'inia, yaani swali la mwanafunzi huyo aende wapi mtihani ukishakwisha. Nitalirudia swali hilo, kwa sababu ndilo linalonifanya nisikipe kipindi hiki alama zote.

Uzuri wake mkubwa umo katikati ya safari. Watangazaji hupenda kuuza dakika za mwisho, pale majaji wanapokuna vichwa, lakini mimi huvutwa zaidi na wiki ya pili, wakati mwanafunzi ameshapoteza ucheshi wa siku za mwanzo na bado hajapata ustadi wa siku za mwisho, na mwalimu wake naye ameanza kuchoka. Katika wiki hiyo mtazamaji huona kazi ikifunguliwa kama saa mezani kwa fundi, kila gurudumu mahali pake, na kwa muda mfupi huelewa kwa nini kazi ambayo huonekana rahisi kwa mbali huchukua miaka kuizoea. Nimekaa darasani muda mrefu kiasi cha kujua kwamba ni vigumu sana kumwonyesha mtu asiye mwalimu namna ujuzi unavyoingia mwilini, na katika jambo hili sijaona kipindi kingine cha televisheni kinachokishinda hiki.

Mfano bora ni sehemu ya mpishi, ambayo ningeishauri kwa yeyote anayetaka kuanza. Kijana aliyekuwa akichoma baga kwenye gari la kuuzia vyakula huko Newcastle anapelekwa London ili afundishwe kuwa mpishi mkuu wa mgahawa wa hadhi ya juu, na miongoni mwa wanaomnoa ni Gordon Ramsay, mpishi maarufu wa Uingereza. Baada ya muda inadhihirika kwamba kisu si tatizo lake kubwa. Mikono inafundishika, mapishi yanakaririka, na ulimi unajifunza kutofautisha kilichoiva na kilichozidi. Tatizo lake ni upole. Jiko la aina ile huongozwa na mtu mmoja ambaye sauti yake hupita juu ya mlio wa masufuria na kutiiwa bila swali, na kijana huyu amezoea kuwaomba watu badala ya kuwaamuru. Ramsay anamfundisha kuamuru, na anamfundisha kwa vitendo, nikisema kwa lugha ya heshima.

Nilimwonyesha sehemu hii mama lishe mmoja anayepikia karibu na soko la Majengo, na ninakiri kwamba nilitaka kuona kama atacheka. Hakucheka. Alitazama akiwa amesimama, mwiko mkononi, huku maji ya ugali wa uwele yakichemka nyuma yake, na kila baada ya muda aliinamisha sikio kuelekea kwenye sufuria bila kuyatoa macho yake kwenye simu, akasikiliza mchemko ulivyo, kisha akatia unga kiganja kimoja au akaacha. Sehemu ilipofika kwenye zile kelele alisema: "Kumbe kelele nazo zina mwalimu! Mimi nikipiga kelele namna hii, Mwalimu, wale wasichana wanaondoka, nabaki na masufuria yangu." Kisha akageuka kwenye ugali wake. Kwa maneno hayo machache alikuwa amegusa jambo ambalo kipindi chenyewe hakilisemi waziwazi, kwamba sehemu kubwa ya kile kinachofundishwa ndani ya zile wiki nne ni desturi za watu fulani mahali fulani, na upishi wenyewe huchukua nafasi ndogo kuliko tunavyodhani. Jiko la Majengo linaongozwa vizuri bila matusi. Mpishi wake akipelekwa mbele ya wale majaji watatu wa London atatambuliwa mara moja kuwa mgeni, ingawa anaweza kujua kiwango cha maji kwa kusikiliza.

Jambo hilo lilijitokeza kwa uwazi zaidi tulipotazama sehemu ya mpaka rangi kutoka Liverpool, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kupaka kuta za nyumba, na ambaye ndani ya wiki nne anatakiwa kuwa msanii wa sanaa ya kisasa mwenye kazi zake ukutani katika jumba la maonyesho. Fundi rangi mmoja wa mtaani kwetu, mtu asiyependa maneno mengi, aliitazama hadi karibu nusu, akaweka kikombe cha chai chini, akasema: "Mwalimu, huyu mkono anao. Wanachomfundisha ni mdomo." Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitumia neno lake kama kipimo cha kila sehemu ya kipindi hiki. Naangalia kama wanafundisha mkono au wanafundisha mdomo, na kwa kadiri nilivyoona, sehemu zinazofundisha mkono ndizo zenye uzito, na zile zinazofundisha mdomo huchekesha zaidi lakini huacha maswali yasiyopendeza.

Katika kundi la mkono namweka mwanamuziki wa bendi ya panki aliyefundishwa kuongoza okestra. Mtazamaji anayedhani kwamba kiongozi wa okestra hupunga tu kijiti ili aonekane ana shughuli atabadili mawazo baada ya kuona namna mkono wa kulia unavyobeba mapigo ilhali wa kushoto unawaamsha wapigaji mmojammoja, na namna wanamuziki waliobobea wanavyogundua mara moja kwamba anayewaongoza amepotea. Namweka humo pia mpiga selo, ile fidla kubwa, wa muziki wa klasiki aliyegeuzwa kuwa DJ wa klabu za usiku, kwa kuwa masikio aliyokuja nayo yalikuwa mazuri, na kilichobaki ni kuyazoesha mapigo ya aina nyingine. Mkata manyoya ya kondoo aliyepelekwa saluni kujifunza kutengeneza nywele za wanawake aliwafurahisha sana watazamaji wenzangu, ambao wengi ni watoto wa wafugaji, na mjadala uliofuata, kuhusu nani kati ya kondoo na mteja ni msumbufu zaidi, sina haja ya kuueleza hapa.

Kundi la mdomo lina kijana wa malezi ya kitajiri aliyefanywa baunsa wa klabu, na lina kasisi wa Kianglikana aliyepelekwa kuuza magari yaliyotumika. Sehemu ya kasisi niliingojea kwa hamu, kwa sababu Uanglikana una mizizi mirefu katika mkoa huu na hakuna mtu hapa asiyemjua kasisi mmoja au wawili, na vilevile hakuna asiyemjua dalali wa magari. Sikujutia kungoja. Kujua injini kunaweza kukaririwa kwa siku chache, lakini mtu aliyezoea kusimama madhabahuni na kusema anachokiamini anapotakiwa kulisifia gari mbele ya mteja anayehesabu fedha zake, hapo kipindi kinavuka mpaka wa burudani. Namwachia msomaji ajionee mwenyewe jinsi mambo yalivyokwenda. Kwa sehemu zote hizi nimeamua kutotaja nani alifaulu na nani aligunduliwa, maana anayejua matokeo tangu mwanzo huipoteza nusu ya utamu.

Sasa nifike kwenye mtihani wenyewe, ambao ndio nguzo ya kipindi na pia ndio udhaifu wake. Majaji hawaulizwi kama mtu huyu anaiweza kazi. Wanaulizwa ni nani katika kundi hili si wa kwao. Maswali hayo mawili yanaonekana kukaribiana, lakini kwa kweli yako mbali sana, na mtu aliyeishi Dodoma katika miaka ya karibuni hahitaji kuelezwa umbali huo kwa kirefu. Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na humo watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Wengi wao walikuwa wamekaa kazini kwa miaka mingi. Walikuwa wamekalia viti hivyo, wamesaini mafaili, wamepandishwa vyeo, na wafanyakazi wengine waliwahesabu kuwa wenzao. Kama jopo la majaji watatu lingepita ofisini mwao kutafuta mgeni kwa kutazama mwenendo na kusikiliza mazungumzo, sidhani kama lingewaona. Ilibidi karatasi zilinganishwe na karatasi.

Kwa hiyo ninapomtazama Mwingereza akishangilia kwa kuwa majaji wameshindwa kumtambua, huwa nafurahi naye, na papo hapo nasikia ubaridi mgongoni. Watayarishaji wa kipindi walikuwa na busara ya kuchagua kazi ambazo kosa lake haliui mtu. Mkate unaungua, wimbo unavurugika, nywele zinakatwa upande, na maisha yanaendelea. Kwetu mtaani, anayejifanya fundi umeme tunamwita kishoka, na sababu ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, kutoa leseni za ufungaji umeme ni kwamba nyumba haijali kama aliyeunganisha nyaya alikuwa na mwenendo wa fundi. Nyumba huungua au haiungui.

Upande wa pili wa jambo hili ndio unaonigusa zaidi, na kipindi hakiugusi kabisa. Tanzania ina mafundi wengi waliojifunza uashi, useremala, ufundi magari na upishi kwa kuwa saidia fundi wa mtu fulani tangu ujana wao, wasio na karatasi hata moja ya kuonyesha. Hawa ni kinyume cha washiriki wa Faking It. Wana miaka 20 ya kazi, lakini mlango wa zabuni au wa ajira rasmi ukifunguliwa wanaambiwa wasubiri nje. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, ambao ndani yake fundi wa mtaani hupimwa akiwa kazini, hufundishwa pale anapoonekana kupungukiwa, kisha hupewa cheti. Ukiutazama vizuri utaona kwamba ni uleule mpangilio wa kipindi, yaani mafunzo mafupi, wapimaji, na uamuzi mwishoni, ila swali ni lile sahihi. Mpimaji hutazama ukuta kama umesimama wima, na hababaishwi na namna fundi anavyoshika glasi kwenye hafla. Nasema bila mzaha kwamba ningependa kuona kipindi cha televisheni kuhusu utaratibu huo, na kama kingetengenezwa kwa ustadi wa Faking It, kingeangaliwa.

Hapa nina la kuongeza pembeni kidogo. Waingereza wenyewe wana historia yao katika mkoa huu ya kuwapa watu kazi wasiyoijua. Mpango wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947, ulisimamiwa kwa sehemu kubwa na wanaume waliotoka vitani, na baadhi ya matrekta yake yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyobadilishwa. Mbuyu haukushangazwa na vyeo vyao, udongo wa mfinyanzi ulipokauka ulizivunja zana zao, na mvua za Kongwa zilinyesha kama zinavyonyesha Kongwa siku zote. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kula zaidi ya pauni milioni 30. Kila nikiona katika kipindi hiki mshiriki akipita mtihani kwa kujiamini tu, hukumbuka kwamba kuna majaji wasiodanganyika kwa kujiamini, na ardhi ni mmoja wao.

Kuna ugumu mwingine ambao mtazamaji wa huku anapaswa kuujua kabla ya kutumia bando lake. Sehemu kubwa ya mvutano wa kipindi imo katika lafudhi. Mwingereza akimsikia mtu wa Newcastle au wa Liverpool akifungua kinywa, huwa ameshajua, au anadhani ameshajua, alikulia nyumba ya namna gani na baba yake alifanya kazi gani, na kwa hiyo mshiriki anapofunzwa kusema kwa namna nyingine, Mwingereza huona ukuta mzima wa kitabaka ukibomolewa mbele yake. Sisi tunaosikiliza Kiingereza kama lugha ya shule hatuusikii ukuta huo. Majirani zangu waliuliza kwa nini watu wanacheka, nami nilibaki kueleza, na kicheko kinachohitaji maelezo huwa kimeshapoa. Hakuna maandishi ya Kiswahili chini ya picha katika sehemu nilizozipata. Nafikiri hii ndiyo kazi ambayo wale jamaa wanaotafsiri filamu kwa sauti kwenye vibanda umiza wangeifanya vizuri kuliko mtafsiri yeyote wa maandishi, kwa maana wanajua kumpa mhusika wa Ulaya sauti ambayo msikilizaji wa Dodoma au Singida ataitambua mara moja kuwa ya mtu wa shamba, ya bosi, au ya mtoto wa mjini.

Nilisema nitalirudia swali la Shaw. Kipindi humtwaa mtu, humwonyesha kwamba maisha mengine yalikuwa yanawezekana kwake, humshangilia, kisha mara nyingi kamera huondoka. Wapo waliobadilisha njia baada ya hapo, na wapo waliorudi walikotoka. Hilo si kosa la kipindi. Kosa lake ni kutufanya tuamini kwamba uamuzi huo ni wa moyo wa mtu peke yake, kana kwamba kijana wa baga akiamua tu kuwa mpishi mkuu, milango itamfungukia. Zile wiki nne zilikuwa na walimu bora wa nchi, makazi, nguo, na milango iliyofunguliwa na jina la televisheni. Mtu akizitoa hizo, anabaki na kijana aliyezinduka na asiye na mtaji. Kwa mtazamaji wa mji ambao vijana wake wengi wanazunguka na bahasha za kaki zenye nakala za vyeti, jambo hilo halijifichi, na naona watengenezaji wangelitendea haki zaidi kwa kurudi kwa kila mshiriki baada ya mwaka mmoja na kutuonyesha wazi alipo.

Hata hivyo, ninawasifu kwa jambo moja ambalo ni adimu, nalo ni heshima. Katika sehemu zote nilizotazama, mshiriki hachekwi kwa kuwa mjinga. Walimu hukasirika, na wakati mwingine hukata tamaa, lakini kadiri siku zinavyokwenda huanza kumwonea fahari mwanafunzi wao kwa namna ambayo ni vigumu kuigiza. Nadhani ndiyo sababu kipindi kilishinda tuzo ya BAFTA katika kundi la vipindi maalumu mwaka 2002 na tena mwaka 2003, wakati ambapo televisheni ya Uingereza ilikuwa imejaa vipindi vya kudhalilishana.

Ndugu wa karibu wa kipindi hiki hapa nyumbani ni Maisha Plus ya Masoud Kipanya, ambayo iliwaweka vijana katika mazingira ya kijiji na kuwapa kazi za kijiji, na baadaye ikawa mwenyeji wa shindano la Mama Shujaa wa Chakula lililoendeshwa na Oxfam kwa ajili ya wakulima wanawake. Tofauti ni kwamba Maisha Plus ilikuwa ya kundi na ya mchujo, na mtu akiondolewa mapema hatumwoni akijifunza. Faking It humshika mtu mmoja na kumfuata hadi mwisho. Kama kituo chochote cha hapa kitataka kujaribu muundo huu, na sioni kwa nini kisijaribu kwa kuwa gharama kubwa iko kwenye muda wa kurekodi tu, Dodoma ina watu wa kutosha. Karani wa Mji wa Serikali Mtumba apelekwe kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo msimu wa kupogoa, na majaji wawe wakulima watatu wanaoweza kujua kwa kutazama jicho la tawi kama aliyelikata aliwahi kukata jingine. Dereva wa bajaji wa Nkuhungu afundishwe ushereheshaji na kuongoza harusi ya watu 300 bila kukosea itifaki ya wajomba na mashangazi, jambo ambalo, kwa nilivyoona kwenye kumbi zetu, hata baadhi ya washereheshaji wenye majina bado hawajalifaulu. Mhitimu wa sheria akaushe mchuzi jikoni kwa yule mama wa Majengo. Ila mshindi, tafadhali, asiachwe stendi na zawadi ya fulana.

Kuhusu mpangilio wa kutazama, anza na mpishi, kisha kiongozi wa okestra, kisha kasisi, na mpaka rangi umweke mwisho, kwa kuwa ndiye atakayekufanya ubishane na wenzako kwa muda mrefu zaidi. Marekani nao walikuwa na toleo lao kupitia kituo cha TLC kuanzia mwaka 2003, lakini mtazamaji mwenye bando dogo aanze na toleo la Uingereza. Wenye watoto nyumbani wajue kwamba sehemu ya mpishi ina matusi mazito, na kwamba sehemu ya baunsa na ya DJ zinapita kwenye klabu za usiku na yote yaliyomo humo, kwa hiyo ni vizuri kuzisubirisha hadi wadogo walale. Ya kondoo na saluni inafaa kwa rika zote.